Saa Inayofunguka

Fundi saa wa mpakani haanzi kwa kuuliza saa yako imetengenezwa na kampuni gani. Anaipokea, anaigeuza kifudifudi, kisha anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa mfuniko wa nyuma. Ukucha ukinasa kwenye pengo, anajua pa kuingizia kisu. Mfuniko ukiwa wa kuzungusha, ataona vishimo vilivyochongwa ukingoni kwa ajili ya kifaa chake cha meno. Asipoona pengo wala kishimo, atakurudishia saa yako hata kama imepakwa dhahabu. Nimewatazama mafundi wakifanya hivyo katika Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, Malaba na Tororo mjini, na nimefikia kuamini kwamba ukucha ule ni hakimu bora kuliko tangazo lolote. Saa ya kuchagua ni ile inayofunguka: ile ambayo mtu aliye mwendo mfupi kutoka kwako anaweza kuifungua, akaelewa anachokiona, akaisafisha na kuifunga, nayo ikaenda.

Nazungumzia saa za mkono zinazoendeshwa na kamani peke yake, zile za kutia ufunguo kila asubuhi na zile za otomatiki ambazo hujijaza kwa mwendo wa mkono. Hakuna anayezihitaji ili kujua wakati. Simu inatosha, na mpaka huu hauna hata tofauti ya majira kati ya ng'ambo hii na ile. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa na kijana wa bodaboda anayempeleka mama mwenye gunia la dagaa hadi kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, kile kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, wote wawili huangalia wakati kwenye simu. Kwa hiyo anayevaa saa ya kamani leo ameivaa kwa kupenda. Na mtu akipenda kitu cha kutengenezwa kwa mikono, inampasa ajue mikono hiyo imefanya nini.

Ndani ya mfuniko mna vitu vichache kuliko watu wanavyodhani. Kamani imeviringwa ndani ya pipa lake na inataka kukunjuka. Ikiachiwa itakunjuka kwa mara moja na kazi itakuwa imekwisha, kwa hiyo magurudumu kadhaa yenye meno yanapokea nguvu yake na kuigawa. Mwisho wa safari ya magurudumu hayo kuna uma mdogo unaoruhusu jino moja lipite, unazuia, unaruhusu jingine. Anayeuamuru uma huo ni gurudumu la mizani, linalokwenda mbele na kurudi nyuma likivutwa na waya mwembamba uliosokotwa duara, ambao mafundi huuita unywele. Christiaan Huygens wa Uholanzi alitangaza saa yenye waya wa namna hiyo mwaka 1675. Katika miaka ya 1750 fundi wa Kiingereza, Thomas Mudge, akabuni uma. Karibu kila saa ya kamani inayolia leo katika vibanda vya Busia ni mzao wa hao wawili.

Gurudumu la mizani hufanya kazi ya pembea ya watoto. Msukume mtoto kwa nguvu, atakwenda mbali. Msukume polepole, atakwenda karibu. Lakini muda wa kwenda na kurudi utakuwa karibu uleule. Katika hilo neno karibu ndimo ulimo ufundi wote wa saa. Kamani iliyojaa inasukuma kwa nguvu, kamani inayokaribia kuisha inasukuma kwa unyonge, na saa njema ni ile inayopita kati ya hali hizo mbili bila kuyumba. Saa ya otomatiki ya kawaida, tuseme Seiko 5, hulia mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kwa sekunde, mara 518,400 kwa siku. Ikikosea sekunde 30 kwa siku, imepotoka sehemu 1 tu kati ya 2,880. Hicho ni chombo cha chuma na matone machache ya mafuta, kimefungwa kwenye mkono unaotoka jasho, unaopiga nyundo, unaofua, unaoshika usukani kwenye barabara yenye mashimo. Kila nikifikiria hesabu hiyo naiheshimu saa upya.

Ndiyo sababu swali la kwanza la mnunuzi mgeni, "Inakimbia au inabaki nyuma?", si swali zuri sana. Aliyezoea huuliza kama inakimbia kiasi kilekile kila siku. Saa inayokimbia sekunde 20 leo, 20 kesho na 20 keshokutwa ni nzima. Fundi atasogeza kijiti kimoja juu ya gurudumu la mizani upana wa unywele, na mambo yatakaa sawa. Saa inayokimbia sekunde 40 leo na kubaki nyuma 15 kesho ni mgonjwa, hata kama mwisho wa wiki hesabu yake inaonekana nzuri. Mafuta yameganda, au ncha ya ekseli imelika, au waya wa unywele unagusa mahali.

Mafundi wa zamani walipima ugonjwa huo kwa redio na subira. Milio ya saa kabla ya taarifa ya habari ilikuwa ndiyo mizani yao. Saa hulazwa usiku mmoja uso ukitazama juu, usiku wa pili uso chini, usiku wa tatu ikiwa imesimama kwa ubavu huku kifundo cha kutilia ufunguo kikielekea chini. Kila asubuhi inalinganishwa na redio na tofauti inaandikwa kwenye kipande cha karatasi. Tofauti kati ya mikao hiyo mitatu ikiwa ndogo, mizani iko sawa na ncha zake ni nzima. Ikiwa kubwa, fundi anajua upande upi wa kutafuta kabla hajashika bisibisi. Siku hizi kuna programu za simu zinazosikiliza mlio na kuchora mstari kwenye skrini kwa nusu dakika, na mafundi vijana wanazitumia vizuri. Mimi bado nauamini zaidi usiku mzima, kwa sababu mkono nao hukaa na saa usiku na mchana.

Kuna ugonjwa mmoja wa mahali hapa ambao mnunuzi anapaswa kuujua, kwa sababu humfanya atupe saa nzuri. Saa inaanza ghafla kukimbia kwa dakika nyingi kwa siku. Mwenyewe anasema imeharibika. Fundi anaiweka karibu na dira, anaona sindano ya dira ikicheza, na anamaliza kazi bila kuifungua: anaipitisha kwenye koili yake ya umeme na kuitoa taratibu. Waya wa unywele ulikuwa umeshika sumaku, mizunguko yake ikawa inashikana, na waya uliofupika hivyo huzungusha mizani haraka. Sumaku ziko kila mahali hapa: spika kubwa za maduka ya muziki sokoni, mota ya kinu cha posho, hata simu yenyewe. Nimeona saa za wazee zikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa ajili ya jambo hilo tu.

Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Anayetoka Malaba kuelekea Tororo huanza kuuona ule mwamba uliosimama peke yake, kiini cha volkeno ya kale, na chini yake mji ambao tangu miaka ya 1950 umeishi na kiwanda cha saruji. Saruji ni unga laini, na vumbi jekundu la barabara za Busia nalo ni laini. Yote mawili hutafuta njia ya kuingia kwenye saa, na njia iliyo rahisi ni pale kifundo kinapopita ubavuni, kwa sababu kila siku kinashikwa, kinavutwa, kinazungushwa, na mpira wake unalika. Vumbi likiingia hukutana na mafuta na kufanya msasa. Msasa ukikaa mwaka, ncha za ekseli zinaanza kulika na kukwaruzika, na saa inaanza kubaki nyuma.

Hapo namkumbuka John Harwood. Alikuwa fundi wa kutengeneza saa huko Uingereza, akaingia vita vya kwanza vya dunia, na baada ya vita akakaa na swali ambalo fundi yeyote wa Tororo angelielewa mara moja: uchafu unaingia wapi? Akaona unaingia kwenye kifundo. Basi akaamua kukiondoa. Ili saa ijazwe bila kifundo akaweka ndani kizito kinachoyumba kwa mwendo wa mkono, na kuweka majira kukafanywa kwa kuzungusha ukingo wa kioo. Hataza yake ya Uswisi ni ya mwaka 1924, na hiyo ndiyo saa ya mkono ya otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Watu husema otomatiki ilibuniwa ili kumwondolea mtu kazi ya kutia ufunguo. Kwa Harwood ilikuwa dawa ya vumbi, na aliyeibuni alikuwa mtu wa bisibisi na brashi.

Kwa hiyo nikichagua saa ya kuvaa huku, nakitazama kifundo kabla ya kuutazama uso. Kimekaa imara au kinacheza? Kikivutwa, kinatoka kwa hatua zinazosikika? Je, kimejificha nusu ndani ya kasha, au kimetokeza kikisubiri kugongwa?

Saa za mkono zilifika huku mpakani pamoja na mishahara. Reli ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, na Tororo ikawa njia panda: treni nyingine zikipinda kwenda Mbale na Soroti. Mkuu wa stesheni, karani, mwalimu, muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo kwa mshale wa sekunde, wote walikuwa na sababu ya kuvaa saa. Kwenye mitaa ya Tororo, ambako hadi leo kuna majumba ya kale na hekalu la Wahindu, wafanyabiashara wa asili ya Kihindi waliuza saa pamoja na vitambaa na baiskeli. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Pamoja na maduka, uliondoka mtandao wa barua na jamaa uliokuwa ukileta bidhaa kutoka ng'ambo, spea zikiwamo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli ya pamoja ikavunjika nayo.

Miaka ileile ilikuwa ya magendo. Baridi kali ilichoma mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magunia kuingia Kenya, hasa kupitia soko la mpakani la Chepkube. Kwa upande wa pili ikarudi sabuni, sukari, chumvi. Fundi saa wa Uganda wa miaka hiyo hakuwa na duka la jumla la kuagizia kamani mpya. Spea yake ilikuwa saa iliyokufa. Alijifunza kutambua gurudumu la saa moja linaloweza kuingia kwenye saa nyingine, na kuokoa kile ambacho fundi wa Ulaya angekitupa.

Ufundi ninaoupenda kuliko yote ulikomaa katika dhiki hiyo: kunyoosha waya wa unywele. Waya huo ukivutwa kidogo tu na ncha ya bisibisi, mizunguko yake inalemaa, mmoja unapanda juu ya mwingine. Penye spea, unabadilishwa. Pasipo spea, fundi anaubandua, anauweka juu ya karatasi nyeupe, anavaa lenzi ya jicho, anashika vibano viwili vyenye ncha kali na kuanza kuutafuta ule mpindo wa kwanza, pale kosa lilipoanzia, kwa sababu mipindo mingine yote ni matokeo ya huo. Anaubonyeza kidogo upande wa pili, anaachia, anatazama waya unavyokaa, anasogea robo ya mzunguko. Hapumui wakati huo, anasimama kupumua. Mteja akisema, "Mzee, bado?", hajibiwi, na ni haki asijibiwe. Kazi hiyo haina kipimo kingine isipokuwa jicho linalojua duara kamili linavyoonekana. Ikifanikiwa, hakuna atakayejua kwamba ilifanyika.

Alama inabaki mahali pamoja tu. Ukiifungua saa ya zamani, ndani ya mfuniko wa nyuma utakuta maandishi madogo yaliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano: herufi mbili, tarehe, pengine alama ambayo mwenyewe peke yake anaifahamu. Ni desturi ya mafundi wa dunia nzima, kila mmoja akiacha ushahidi wa siku aliyoihudumia. Wapo wapenzi wa saa, hasa wale wanaonunua ili kuuza, wanaotaka mfuniko safi usioguswa. Mimi natafuta wenye mikwaruzo. Ukikuta alama tatu za miaka mitatu tofauti, ujue hiyo saa ilikuwa na mtu aliyeijali, na mtu huyo alikuwa na fundi. Halafu hesabu miaka tangu alama ya mwisho. Ikiwa ni mingi, mafuta yamekauka, na bei ya kusafisha iongezwe kwenye bei ya kununua kabla hujaanza kupatana.

Ukiuliza mafundi wa mpaka huu ni saa gani ya kamani wanayoifungua mara nyingi, wengi watakutajia Seiko 5. Ilianza mwaka 1963, na tarakimu 5 ilimaanisha ahadi tano, miongoni mwake kujijaza yenyewe, kuonyesha siku na tarehe kwenye dirisha moja, kuhimili maji, na kifundo kilichofichwa penye tarakimu 4 ya uso, pasipogongwa. Kifundo kimefichwa kwa sababu hakitumiki sana: mtambo wake wa 7S26, uliotoka mwaka 1996 na kukaa sokoni zaidi ya miaka 20, hautiwi ufunguo kabisa. Unautikisa, unauvaa, unaenda. Kizito chake huijaza kamani kikizunguka kulia na kikizunguka kushoto pia, kwa kutumia uma wa kucha mbili ambao Seiko iliubuni mwaka 1959, kitu chepesi kuliko mifumo mingi ya Uswisi na kisichoharibika kwa urahisi. Kintaro Hattori mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni hiyo mwaka 1881, alianzia kwenye duka la kuuza na kutengeneza saa. Nafikiri mtu aliyewahi kuhangaika na saa za wengine hubuni kwa huruma kwa fundi wa baadaye.

Lakini sababu kubwa ya kuipenda ni kwamba zimetengenezwa nyingi mno, na sehemu zake zinafanana kutoka saa hadi saa. Saa tatu zilizokufa hutoa mbili zinazoishi. Nyingine zimerudi na watu waliokwenda kufanya kazi Ghuba, na gurudumu lake la siku limeandikwa Kiarabu. Fundi hulizungusha mpaka lionyeshe lugha ya pili, au mwenye saa anapenda Kiarabu kibaki. Zipo saa za Uswisi zilizo bora kuliko hiyo kwa kila kipimo cha maabara. Kama hakuna mtu kati ya Kisumu na Kampala mwenye gurudumu lake la pili, ubora huo wote utakuja kulala ndani ya droo.

Wapo wanaohesabu vito. Uso umeandikwa 17, au 21, au 25, na muuzaji anapandisha bei kwa kila kimoja. Vito hivyo ni yakuti za kutengenezwa kiwandani, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na thamani yake ya fedha ni ndogo. Kazi yake ni kuwa tundu gumu na laini ambamo ncha ya ekseli inazunguka bila kulika. Saa ya kutia ufunguo ikiwa na 17 imetosheka. Otomatiki huongeza vichache kwa ajili ya kizito chake. Mwaka 1964 Orient ilitoa saa yenye vito 100, na vingi vilikuwa pambo. Usinunue idadi.

Dhahabu ya kupakwa naikataa pia, kwa joto letu. Jasho la mkono huila katika miaka michache, na chini yake hutokea shaba inayogeuka kijani na kuacha alama kwenye ngozi. Chuma cha pua hakina makuu. Na uso uliopakwa rangi upya, nyekundu kali au samawati ing'aayo, kwenye saa inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1970, utakuwa karibu kila mara umetoka kwenye karakana za Mumbai, ambako saa za aina tatu huunganishwa ziwe moja. Wengine wanazipenda kwa rangi zake na sina ugomvi nao, ila walipe bei ya rangi, wasilipe bei ya historia.

Kioo cha plastiki, ambacho wengi hukidharau, ndicho ninachokipendekeza kwa mtu wa bodaboda. Kikigongwa hakivunjiki vipande vipande na kuingia kwenye magurudumu; hukwaruzika tu, na mikwaruzo huondoka kwa dawa ya meno na kitambaa kwa dakika chache. Mtu huyo aangalie pia kama uso au mtambo umeandikwa Incabloc, au Diashock kwa Seiko. Incabloc ni ya mwaka 1934: kito kinachobeba ncha ya ekseli ya mizani kimekalishwa juu ya springi ndogo, ili saa ikipigwa, kito kisogee na ncha isikatike. Kabla ya hapo saa kuanguka sakafuni mara nyingi ilimaanisha ekseli mpya. Barabara ya vumbi kutoka Busia kwenda vijijini, kwa pikipiki, ni kuanguka kudogo kusikokwisha.

Joto lenyewe lilikuwa tatizo kubwa zamani. Waya wa unywele wa chuma cha kawaida hulegea unapopata moto, na saa hubaki nyuma karibu sekunde 10 kwa siku kwa kila digrii moja. Charles Édouard Guillaume, Mswisi, alipewa Nobel ya fizikia mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya aloi za nikeli na chuma, na kutokana na kazi hiyo zikapatikana nyaya zisizojali joto. Mwenye saa yenye waya wa namna hiyo hana haja ya kuogopa adhuhuri ya Busia.

Na adhuhuri hiyo ina jambo lake. Majira ya Afrika Mashariki yamefungwa kwenye longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Busia iko kwenye 34. Dunia huchukua dakika 4 kugeuka digrii moja, kwa hiyo jua la Busia hufika juu kabisa kwa wastani dakika 44 baada ya mishale yote miwili kukutana kwenye 12: ni karibu saa saba kasoro robo. Na kwa kuwa mji uko karibu nusu digrii tu kutoka ikweta, mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, mzunguko mmoja wa mshale mfupi kwa mwanga na mmoja kwa giza. Sisi tunaohesabu saa kuanzia asubuhi hatuhitaji tarakimu. Tunasoma upande ambao mshale umeelekea. Ndiyo maana napendelea uso usio na mambo mengi, wenye vijiti vya wazi na nafasi tupu katikati, ambao mama anayechota maji anaweza kuusoma kwa kuinua mkono mara moja.

Ukubwa uwe ule unaopita chini ya mkono wa shati. Ukanda uwe wa nailoni, au wa ngozi ulioshonwa na fundi viatu wa mtaani, kwa kuwa ngozi itaoza kwa jasho na utahitaji mwingine. Sina zaidi kuhusu hayo.

Linalonishughulisha ni mafundi wenyewe. Saa za betri zilikuja kwa wingi baada ya Seiko kuuza ya kwanza mwishoni mwa 1969, na leo ndizo zinazowalisha: betri, ukanda, kioo, betri tena. Kijana anayekaa kwenye kibanda hicho anajifunza simu, na nani atamlaumu, simu zinaleta fedha kila saa. Lakini mikono inayoweza kunyoosha unywele ni ya watu wenye mvi, na kazi hiyo hairithishwi kwa kuelezwa. Hufundishwa kwa saa ya kutia ufunguo yenye vito 17, iliyokwisha kufa, ambayo mwanafunzi anaifungua, anapanga vipande juu ya karatasi kwa mpangilio wa kutoka, anavisafisha kwa petroli, anavikausha kwa kipulizio, anavirudisha, na kesho anaanza tena mpaka mizani icheze yenyewe. Wazee wengi niliozungumza nao wako tayari kufundisha. Wanachokosa ni mwanafunzi, na saa mbovu za kutosha ambazo anaweza kuziharibu bila hofu. Saa hizo tunazo, za baba na babu zetu, zimelala kwenye masanduku kutoka Nambale hadi Nagongera. Mwenye nayo aipeleke kwa fundi, na akiwa na kijana nyumbani mwenye mkono mtulivu, ampeleke naye.